Mgonjwa Gani Anacheka?

Mkojo wako utakuwa mwekundu. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia mapema, na asubuhi ya kwanza nilitoka chooni nikipiga mayowe kwamba figo zimepasuka. Hazijapasuka. Ni dawa. Hata machozi yanaweza kugeuka rangi ya machungwa, na ukilia sana mto unabaki na madoa. Usiogope. Siku ya kuogopa ni ile ambayo mkojo unarudi kuwa wa kawaida wakati dawa zako bado zipo kwenye kopo. Nitaifikia siku hiyo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Naitwa Adela. Nilisoma mpaka kidato cha pili nikaishia hapo. Nimepona kifua kikuu. Mtanisamehe kama naandika kwa hasira. Nilidhani hasira ingeisha pamoja na kikohozi, lakini kikohozi kimekwisha na yenyewe ipo, inakula na kulala kwangu kama mgeni asiyeaga.

Kilinianzia Kibondo, mvua za kwanza za mwaka 2013. Nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyeolewa huku, mwenye duka la sukari, mafuta na khanga. Mbele ya duka palikuwa na karai la bagia, na karai hilo lilikuwa langu. Nilikuwa mchangamfu. Wateja walisema wananunua maneno yangu, bagia ni nyongeza tu. Nikikoroga unga wa dengu nilikuwa naota kwamba siku moja nitasoma hadithi redioni, na watu watazima jiko ili wasikie vizuri. Ndoto hiyo sikumwambia mtu. Sasa nawaambia ninyi.

Kikohozi kilipokataa kuondoka nikaenda zahanati, nikatibiwa malaria. Nikarudi, nikatibiwa malaria tena. Kisha taifodi. Kisha nikapewa dawa ya maji, tamu kama sharubati, na yule daktari hakuinua hata macho.

"Jikinge na baridi, binti."

"Natoka jasho shuka linalowa, daktari."

"Ndiyo. Baridi hiyo. Mwingine aingie!"

Mwingine aingie. Mimi niliyekuwa mbele yake nilikuwa sijamaliza hata kukohoa. Hakuna aliyeniambia nitoe makohozi yapimwe, miezi yote hiyo, na mimi nasimama juu ya bagia za watu. Jina la zahanati silitaji. Lakini kila nikikumbuka ile "mwingine aingie" meno yanagusana.

Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni yenyewe. Nikitoka nyumbani zipu iko nyuma, nikifika dukani iko mbele. Mama Zuhura akanitengea kikombe, cha kijani, akakiweka dirishani peke yake. Hakusema kitu. Hicho ndicho kilichoniuma, maana Mama Zuhura ni mtu wa kusema. Anaweza kubishana na mteja kuhusu kipande cha sabuni mpaka adhana. Kwa kikombe changu akanyamaza.

Siku aliponiambia nirudi nyumbani nikapumzike alinikabidhi sukari na kitabu.

"Chukua na hili jini lako," akasema. "Ukilisoma unaniunguzia bagia."

Sasa mjue habari za kitabu. Tulikuwa tunafungia bagia kwa karatasi zozote: magazeti, mitihani ya shule, kalenda. Katika boksi la karatasi kilikuwemo kitabu cha hadithi kilichotoka Tanga pamoja na vitu vya nyumbani kwa Mama Zuhura. Nilikuwa nimeshachana kurasa za mwanzo kabla sijatupia jicho ukurasa mmoja nikacheka mpaka mafuta yakaungua. Kwa hiyo mwanzo wa hadithi siujui. Uliliwa Kibondo. Kama mwaka ule ulinunua bagia na karatasi yake ilikuwa inamzungumzia jini aliyepewa barua ya uhamisho, nakuomba uniambie ilikuwaje.

Maana hadithi yenyewe ni hiyo. Jini mtumishi anahamishwa kutoka makao makuu ya majini, bila posho, anapelekwa kijijini kutisha watu. Jina lake Makengeza. Na kweli ana makengeza, kwa hiyo kila akirusha uchawi unampata jirani wa yule aliyemlenga. Watu wa kijiji hawamwogopi. Wanamdai mchango wa kujenga shule. Siku moja anataka kumgeuza mwenyekiti wa kijiji awe chura, uchawi unapita pembeni unaingia kwenye sufuria ya ugali. Ugali unaanza kulia kama chura. Wale watu wanatazamana, mmoja anasema, "Haya, si umeiva?" Wanaula.

Nisameheni, nacheka nikiandika.

Kasulu ndiko nilikopimwa. Masenge alinipeleka, yaani dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kutangulia. Tulikaa benchi la nje la hospitali, upande wa pili wa uzio, wenye kifua tunakaa peke yetu. Wanaopita wakielekea wodi ya wazazi wanavuta khanga puani wakitufikia, wakishatuvuka wanaiachia. Nilipewa kikopo, nikaambiwa niende nyuma ya jengo nikohoe nitoe cha ndani kabisa. Kuna aibu yake, kurudi mbele za watu umeshika makohozi yako mkononi. Nikajifunza kukibeba kama nimebeba chumvi ya jirani.

Tulingoja mpaka jua likahamia upande wetu wa benchi. Nesi aliyetoka na majibu aliitwa Sista Grace, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, na kila akivuta koti anasema Kasulu ina baridi kuliko alivyoambiwa. Nilimwangalia nikamkumbuka Makengeza.

"Ni kifua kikuu, dada. Kinapona. Lakini dawa hazirukwi hata siku moja, unanielewa? Nani nyumbani atakuwa anakuangalia ukimeza?"

"Mimi," Masenge akasema kabla sijafungua mdomo. Akapiga kifua. "Huyu ni mwanangu. Mimi."

Na alinisimamia. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika ninapofika. Miezi ya kwanza, miezi ya matope, Masenge aliamka kabla yangu, akachemsha uji, akaleta vidonge kiganjani, akanitazama mpaka nimeze, akasema, "Fungua mdomo nione." Vidonge vilinichoma tumbo, viungo vikauma kama nimelima ekari nzima, vidole vya miguu vikafa ganzi. Alinikanda kwa maji ya moto. Kikombe changu hakukitenga. Alinywea humohumo akasema Mungu anamjua.

Kwetu kijijini Titye mgonjwa anatembelewa. Ni heshima, na mimi naipenda. Mtu anaingia ameinama, anapiga makofi taratibu, anakusalimu "Mwakeye," unamjibu, anapiga tena, anauliza ulivyoamka, anauliza kifua, anauliza usingizi, na kila swali lina makofi yake. Mgonjwa naye ana kazi yake. Anajibu kwa sauti ya chini. Anaguna. Macho yanakuwa nusu. Mgeni akiondoka anakwenda kusema, "Jamani, yule mtoto anaumwa," na hapo kesho yake wanaleta ndizi, wanaleta maharage, wanakuja kumpalilia Masenge shamba.

Kazi hiyo ilinishinda. Siku moja Baba Joeli, jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuja amevaa koti lake la Jumapili. Aliinama, akapiga makofi, akaniuliza nilivyoamka. Mimi nilikuwa nimelala na kitabu kifuani, nimetoka kusoma ule ugali dakika hiyohiyo. Nilijizuia. Naapa nilijizuia. Akapiga makofi ya pili, na yeye mwenyewe ana kikohozi, akakohoa, na kikohozi chake kikatoka "kroo!" kama yule chura.

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikashika mbavu, na bado nacheka. Nikamwomba radhi, nikajaribu kumwonyesha kitabu. Hakukitazama. Alisimama akavaa kofia yake.

"Mgonjwa gani anacheka?" akamwuliza Masenge, siyo mimi. "Mimi nimeacha shamba langu nije kumwona mtu anayecheka?"

Basi. Maneno hayo yalifika bombani kabla ya maji. Wanawake wakanipachika majina. Nikipita, mmoja anasema, "Mwone, kaugua jembe." Mwingine, "Angeumwa kweli angesoma vitabu?" Ndizi zikakoma. Watu waliokuwa wakimsaidia Masenge kupalilia wakakumbuka wana mashamba yao. Mwili wangu ulikuwa umebaki mifupa na macho, nikipanda kilima cha kanisani nakaa mara tatu, na wao wakahesabu kicheko tu. Niambieni, kuna kipimo cha hospitali kinachopima kicheko? Nilicheka kwa sababu kile kitabu kilikuwa mahali pekee ambapo sikuwa mgonjwa. Ningekikosa ningelia, na wangeleta ndizi, na ningekufa nikiwa na ndizi nyingi.

Mvua zikaelekea mwisho, maharage yakaanza kukauka. Nilikuwa nimemaliza ile awamu ya kwanza ya dawa nzito na kuanza ya pili. Uzito ulikuwa unarudi. Zipu ilikuwa inakaa nyuma. Asubuhi moja niliona vidonge ni vidogo kuliko vya zamani.

"Wamebadilisha kiwanda," Masenge akasema. "Meza."

Vilikuwa vyekundu vilevile. Nikameza. Nikafungua mdomo aone.

Baada ya muda, nikiwa chooni, nikaona mkojo ni wa kawaida. Wa njano, kama wa mtu yeyote. Mjinga mimi, nilifurahi. Nilitoka nikiimba. Nikajiambia mwili umezoea dawa, nimepona. Siku zikapita hivyo, mpaka jasho la usiku likarudi. Mto ukalowa. Nililia kwa hofu, asubuhi nikautazama ule mto, hauna doa hata moja la machungwa.

Nikaenda jikoni. Nikashusha kopo la dawa kutoka darini. Ndani yake hamkuwa na karatasi za vidonge vyangu. Mlikuwa na vidonge vya kuongeza damu, vile wanavyopewa wajawazito, alivyoviacha mke wa binamu yangu alipojifungua.

"Masenge, dawa zangu ziko wapi?"

Alikuwa anapeta maharage. Hakushtuka. Ndilo lililonimaliza nguvu, hakushtuka kabisa.

"Wewe si umepona? Unacheka kutwa. Nilikupa za damu upate nguvu."

"Na zangu?"

"Nimempa Baba Joeli. Anakohoa, mwenzako. Anaona aibu kwenda Kasulu kukaa lile benchi. Ningemwacha afe na dawa zipo ndani?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Chumvi ikibaki unampa jirani. Mbegu ikibaki unampa jirani. Dawa ya mtoto ikibaki kwenye chupa inazunguka nyumba zote mpaka chupa inakauka. Hakuna anayeona kosa, ni upendo. Nilimtazama huyu mwanamke aliyeninywesha uji, na nikatamani kupasua kila chungu kilichomo jikoni. Nilipasua kimoja. Kilikuwa na ufa tayari, lakini nilikipasua.

"Umeniua, Masenge! Umeniua kwa mikono yako!"

"Usinipigie kelele, Adela. Mimi nimekulea."

"Umenilea uje unipe vidonge vya wajawazito?"

Hapo akaacha kupeta. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa, maana aliuweka ungo chini.

Lakini aliyenipandisha hasira mpaka macho yakaona giza ni Baba Joeli. Fikirieni. Mwezi wote ule alikuwa anazunguka kijijini akisema mgonjwa gani anacheka, na kila asubuhi ya siku hizohizo anameza dawa yangu. Mimi mwongo, na yeye anakunywa uongo wangu kwa chai.

Nilikwenda kwake nikiwa na khanga moja na kitabu mkononi, sijui kwa nini nilibeba kitabu. Alikuwa uani na mkewe, Mama Joeli, wanapiga maharage. Sikuinama. Sikupiga makofi. Nilisimama.

"Baba Joeli, mkojo wako una rangi gani?"

Fimbo ya kupigia maharage ikabaki hewani. Msichana wa umri wangu kumwuliza mzee wa kanisa swali hilo, mbele ya mkewe, kwetu ni kama kumvua nguo. Nilijua. Nilitaka.

"Huyu mtoto ana wazimu," akasema.

"Mwekundu?" nikasema. "Kama chai kali?"

Aliyejibu ni Mama Joeli. Alikaa chini juu ya maganda.

"Mwekundu," akasema. "Nilidhani ni damu. Jamani, kila siku nalia nikijua mume wangu anakufa na hataki kuniambia. Baba Joeli, ni dawa? Ni dawa ulikuwa unakunywa?"

Nikamgeukia mzee. Nikamwambia anipe zilizobaki. Akasema hazipo. Alipoona kifua kimekuwa chepesi alizigawa; nusu alimpelekea shemeji yake ng'ambo ya mto, naye alikuwa anakohoa.

Nilisimama pale uani na kitu cha ajabu kikanijia. Nililengwa mimi, dawa ikampata jirani. Jirani akarusha, ikampata shemeji. Kijiji kizima cha makengeza. Nilitaka kucheka na sikuweza, na hiyo ndiyo mara pekee katika ugonjwa wote ambapo kicheko kilinikataa.

"Kesho naenda Kasulu," nikamwambia. "Na wewe unakuja. Usipokuja, Jumapili nitasimama kanisani niulize swali lilelile."

Alikuja. Masenge naye alikuja, amebeba kopo tupu kifuani kama mtoto.

Sista Grace alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani akafuta, akavaa, akavua tena.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nimwangalie akimeza," Masenge akasema. "Nilimwangalia."

"Alimeza nini?"

Masenge akainamisha kichwa.

Hakuna mtu anayejua kukasirika kimya kama yule nesi. Aliniambia bila kuzunguka: nitatoa makohozi upya. Wadudu wakionekana wamerudi, naanza upya kabisa, na safari hii kwa sindano kila siku, wiki kwa wiki, na ni sindano ambayo inaweza kuharibu masikio. Wasipoonekana, naendelea nilipoishia na kufidia zilizopotea.

Masikio. Mimi niliyetaka kusoma redioni.

Tukarudi benchini, vikopo viwili, changu na cha Baba Joeli. Alikibeba chake amekificha ndani ya koti la Jumapili. Wanaopita wakavuta khanga puani, wakamvutia na yeye. Nilimwona alivyotazama chini. Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi vizuri.

Kungoja kule ndiko kulikokuwa kugumu kuliko sindano yoyote. Nilifungua kitabu, mistari ikakataa kukaa. Nikasoma mstari mmoja mara nyingi. Ndipo Baba Joeli, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hicho kitabu. Kinasemaje?"

Nilitaka kumwambia akasome mwenyewe. Lakini nilijua herufi za kitabu ni ndogo na macho yake hayafiki, na mikono yake ilikuwa imekaa bure juu ya magoti, mikono mikubwa ya kulima. Hasira yangu ina tatizo hilo, inaona mikono ya watu. Nikasoma. Nikasoma kwa sauti ile niliyoifanyia mazoezi juu ya karai. Nilipofika pale Makengeza anapodaiwa mchango wa shule, mzee akatoa pumzi puani. Tulipofika kwenye ugali, Sista Grace akatoka mlangoni.

Kwangu wadudu hawakuonekana. Kwa Baba Joeli walionekana, wengi.

Masenge alilia kwa ajili yangu; Mama Joeli naye, tulipofika nyumbani, akalia kwa ajili ya mumewe, na mimi nikalia kwa ajili ya masikio yangu yaliyonusurika. Shemeji wa ng'ambo ya mto alifuatwa kwa baiskeli akapimwe naye.

Nilimaliza dawa wakati wa vumbi, mwezi wa nane mwaka 2014. Kufidia kulinichelewesha. Vidole vya miguu viliamka kimoja kimoja. Masenge bado ananiomba radhi kwa njia yake, nyama ya kwanza sahanini ni yangu, na mimi nyama nakula. Chungu nimemnunulia kingine. Watu wa bombani hawajaomba radhi mpaka leo, na ninapochota maji nacheka kwa sauti makusudi.

Wewe uliyepewa dawa leo, nakuomba hivi. Zikae mahali unapopajua. Zijue kwa sura. Akija jirani anakohoa, mpende, mshike mkono, mpeleke akapate zake. Na kama unacho cha kukuchekesha, kichekee, mbele ya wageni, na waseme.

Siku ya mwisho ya kliniki yangu Baba Joeli alikuwa bado anaendelea na zake, tukaenda pamoja. Benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa ameshanizoesha, hata hatujakaa vizuri anasema, "Toa." Nikatoa kitabu. Nilikuwa sijamsamehe yote; niliruka ukurasa mmoja mzuri nikamwekea akiba ya siku atakayomaliza dawa zake.

Alicheka mpaka akatoa leso. Kando yetu alikuwepo baba mmoja mgeni, mwembamba, kikopo kipya mkononi, uso umefungwa. Akatutazama kwa uchungu.

"Wagonjwa gani hawa wanacheka?"

Jibu nilimwachia mzee. Baba Joeli alifuta macho, na leso ikabaki na madoa ya machungwa. Akayatazama, akaikunja, akasogea ampe yule mtu nafasi ya kukaa vizuri.

"Wenye dawa zao wenyewe," akamwambia. "Haya Adela, endelea. Ugali ulisemaje?"